Laini Iliyokula Chumvi

Kwanza niliikata vipande.
Si kwa msumeno; kwa nambari,
vipande arubaini toka Rabai hadi Kipevu,
kila kimoja na ukinzani wake,
na usumaku wake, na ile chaji ndogo
ambayo waya huikopa kwa ardhi na kuirudisha
mara hamsini kwa sekunde.

Nikakipa kila kipande joto la mchana wa Jomvu,
uzito wake, na kulegea kwake kati ya nguzo na nguzo
kama kamba iliyoanikwa kanga mbichi.
Kompyuta ikatafuna. Feni yake ikalia.
Jibu likaja safi kama sahani ya mgeni:
laini ni nzima, haina homa.

Alfajiri ile ile, saa kumi na robo,
laini ikaanguka.

Giza la Changamwe halibishi hodi.
Lilimkuta Bi Rukiya wa ghorofa ya chini
na friza mbili za barafu za kuuza,
za ubuyu, za ukwaju, za maziwa.
Asubuhi akaningoja kwenye ngazi,
maji mekundu yakichuruzika hadi mtaroni.
"Nyamvula, wewe si ndiye fundi wa stima?
Hiyo kompyuta yako yala nini usiku?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na grafu.

Mara tatu Februari ile.
Mara tatu modeli yangu ikaapa hakuna kitu.
Bwana Madoka wa chumba cha udhibiti
akaandika daftarini: Sababu haijulikani,
kwa mwandiko mzuri, kama anayeandika jina la mtoto.

Chengo ndiye aliyepanda.
Nguzo ya kumi na saba, nyuma ya matangi ya mafuta,
laini imezimwa, mkanda kiunoni.
Akapangusa vikombe vya kauri
akanishushia kopo la majani ya chai,
ndani yake vumbi jeupe.
"Onja."
Nikaonja.

Miaka mitano ya chuo, na ulimi ndio uliojua.

Basi ni hivi:
kaskazi huvuma wiki tano bila tone,
huleta bahari hewani, punje kwa punje,
huipanga juu ya kauri kwa subira ya fundi wa hina.
Chumvi kavu haina neno.
Ila umande ukishuka, saa kumi, saa kumi na robo,
chumvi hulainika, hufungua njia,
na umeme, ambao haujawahi kukataa njia,
hutambaa ukinong'ona ukingoni mwa kikombe,
kisha huruka.

Chengo akacheka:
"Laini hii imekula chumvi nyingi.
Iheshimu, usiifanye mtoto wa juzi."

Nikarudi nikaongeza safu moja kwenye jedwali.
Sikuipa herufi ya Kigiriki. Niliiita chumvi.
Nikailisha siku bila mvua, kasi ya upepo, unyevu wa alfajiri.
Nikabonyeza.

Saa kumi na dakika kumi na mbili, ndani ya kioo,
Mombasa yangu ya nambari ikazimika:
Kipevu, Changamwe, Mikindani.
Nikapiga makofi peke yangu jikoni.
Mtu gani hufurahia giza?

Bwana Madoka akauliza kama nina uhakika.
Nikamwambia kosa ni dakika tatu.
Akauliza hizo tatu ni za nani.
Sijui. Labda za kunguru
wanaojenga kwa vipande vya waya nguzo ya ishirini na mbili.
Kunguru sijawaweka bado.

Juzi gari la maji lilisimama chini ya nguzo,
Chengo juu, akizikosha kauri moja moja
kama vyombo vya karamu.
Matone yalinifikia usoni, nami ndiye
niliyepewa jina la mvua mwaka usionyesha.

Usiku nikaiacha modeli ikihesabu, nikashuka.
Bi Rukiya akanipa barafu ya ukwaju.
"Hii ya leo. Zikiyeyuka kesho, utalipa zote."
Nikaitafuna pale pale ngazini,
kengele ya simu nimeitega saa kumi.